Drifti ya mabomba matano kwenye mto wa msimu unaoingia Sabaki: inatosha, au tudai daraja?

MagariniYetu

Asalaam aleikum wadau. Niko Magarini, ng'ambo ya Sabaki ukitokea Malindi mjini. Barabara yetu ya vumbi inayotoka vijijini hadi lami ya Malindi–Garsen inakatwa na mto wa msimu. Kiangazi ni mchanga mtupu, boda na tipa zinapita chini bila shida. Masika na vuli njia inafungwa siku kadhaa mfululizo, na hakuna pa kuzungukia.

Sasa kivuko kimeingia kwenye bajeti: drifti ya zege, yaani kivuko cha chini ambacho mafuriko hupita juu yake, yenye mabomba matano ya milimita 900. Vipimo vya kamati ni hivi. Mkondo una upana wa mita 22 kwa wastani. Alama ya maji ya juu kabisa kwenye mashina ya mikwaju ni mita 2.5 kutoka kitanda cha mchanga. Mto unaingia Sabaki kama mita 800 chini ya kivuko. Gari zito kuliko yote ni tipa za mchanga za magurudumu kumi.

Mabomba hayo yanatosha? Kama hayatoshi tuombe nini, na pesa zitoke mfuko gani? Mzee mmoja wa kamati anashikilia tuchange tujenge wenyewe, kisha tutoze kila boda shilingi 20. Na kikishajengwa, mwenyewe ni nani?

---

Mizani_ya_Maji

Waleikum salaam. Vizuri umeleta vipimo, wengi huleta picha tu na kuuliza bei.

Mkondo ukijaa, eneo la maji ni 22 × 2.5, yaani mita za mraba 55. Kasi inategemea mteremko, nao hukuutaja. Upimeni kwa mpira wa maji ule wa mafundi wa nyumba, kuanzia mita 100 juu ya kivuko hadi mita 100 chini yake. Kwa mfano nachukua mshuko wa sentimita 20 katika mita hizo 200 (0.001), kitanda cha mchanga na vichaka kingoni, kwa hiyo kigezo cha Manning (kipimo cha ukwaru wa mkondo) 0.04. Kasi inatoka kama mita 1.27 kwa sekunde. Zidisha kwa 55, unapata takribani mita za ujazo 70 kwa sekunde.

Bomba la 900 lina uwazi wa mita za mraba 0.636. Hata maji yakipita humo kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde, linapitisha 1.27. Matano ni 6.4. Mabomba yenu hayabebi hata sehemu moja ya kumi ya mafuriko. Zile 64 zilizobaki zitapanda juu ya barabara. Drifti ikiwa na urefu wa mita 40, hesabu ya kizingiti kipana (1.7 × urefu × kina kwa kipeo cha 1.5) inatoa karibu mita nzima ya maji juu ya usawa wa zege, na yakivuka pale yanakimbia mita 2.5 kwa sekunde. Sentimita 30 za maji ya kasi zinatosha kuelea na gari dogo, 60 zinachukua pikapu. Lile basi la mto Enziu kule Mwingi, Disemba 2021, liliingia kwenye maji yaliyopita juu ya kivuko cha chini mchana kweupe, na waliokufa walizidi 30.

Sisemi drifti ni kitu kibaya. Pale ambapo maji yanapanda na kushuka kwa saa tatu nne, magari ni machache na kuna njia ya kuzunguka, drifti ni pesa iliyotumika kwa akili, na mara nyingine ni bora isiwe na bomba hata moja: bamba la zege lililolala sawa na kitanda, maji yapite juu, mchanga upite juu. Ubaya uko katikati, hii ya mabomba machache. Inainua barabara kama ukuta, kisha inaacha matundu ambayo gogo moja na kichaka kimoja vinatosha kuyaziba. Maji yakizibiwa hutafuta pembeni. Ndiyo maana baada ya mafuriko utaikuta drifti imesimama salama katikati ya mto, na mto umehamia upande wa pili.

Mkilazimika kubaki na drifti, dai mambo haya yaonekane kwenye mchoro: ukuta wa kuzuia mchimbo upande wa chini wenye kina kisichopungua mita 1.5 chini ya kitanda. Blanketi la gabioni (vizimba vya waya vilivyojazwa mawe) mbele yake, maana maji yanayoanguka huchimba shimo papo hapo. Na bamba liendelee kupanda kwenye gema zote mbili mpaka lipite alama yenu ya mita 2.5. Mchoro unaokomesha zege chini ya alama hiyo ukataeni hapo hapo.

---

Bildi

Hesabu ya Mizani ni sawa kwa maji yanayoshuka kwenye mto wenyewe. Swali ni kama ile alama ya mita 2.5 iliachwa na maji ya mto huo au na Sabaki.

Mita 800 ni karibu sana. Kwa mteremko uleule wa 0.001, kitanda cha pale makutanoni kiko chini ya kivuko kwa sentimita 80 tu. Sabaki ikipanda mita 4 juu ya usawa huo, maji yatarudi nyuma na kusimama mita 3.2 kwenye kivuko chenu bila tone la mvua Magarini. Na Sabaki haijazwi na mvua ya Malindi. Maji yake ni ya Athi na Tsavo, yanatoka nyanda za Nairobi, Machakos, Makueni na miteremko ya Kilimanjaro. Mbingu inaweza kuwa nyeupe huku mto unapanda.

Namna ya kutofautisha: tazameni alama kwenye miti. Maji ya kasi huacha takataka zilizonasa kwenye matawi upande wa juu, vichaka vikalala kuelekea chini, na mstari wenyewe unashuka kadiri unavyofuata mto. Maji yaliyorudi nyuma huacha tope laini, mstari umenyooka kama uliopigwa kwa rula, na usawa ni mmoja kwenye miti ya hapo na ya mita 200 juu yake. Pimeni kwa mpira uleule wa maji.

Jibu likiwa ni Sabaki, mabomba yana kasoro nyingine. Maji yaliyosimama hutua udongo. Sabaki ina tope jingi mno, ndiyo inayoifanya bahari ya Malindi iwe rangi ya chai msimu wa mvua. Bomba la 900 lililolala kwenye maji ya namna hiyo kwa wiki linaweza kujaa hadi nusu, na tope likikauka ndani humo kulitoa ni kazi ya koleo na magoti.

---

MagariniYetu

Tumerudi mtoni na mpira. Mstari wa juu ni tope, uko sawa kabisa kwenye mikwaju minne, tofauti haifiki sentimita 5. Chini yake, kama mita 1.4 kutoka kitandani, kuna takataka zilizonasa matawini, na huo mstari unashuka. Mteremko tumepata sentimita 23 kwa mita 200.

La pili sikulisema mwanzo: mabomba yameshaletwa. Vipande 40 vya mita moja moja viko kando ya barabara.

---

Mizani_ya_Maji

Basi Bildi amepata. Mto wenu peke yake hufika kama mita 1.4, na kwa kina hicho ni mita za ujazo 30 hivi kwa sekunde, ambazo bado ni zaidi ya mara nne ya mabomba. Usawa wa juu ni wa Sabaki. Kwa hiyo mna mafuriko mawili tofauti. Moja ni la kasi na fupi. La pili ni la polepole na refu, na ndilo linalowafungia siku nyingi. Jengeni kwa kuyafikiria yote mawili. Na 2.5 ni alama iliyoonekana, si kikomo cha Sabaki.

---

FundiBoriti

Kwa vipimo hivyo yako machaguo matatu ya kweli.

La kwanza ni makalvati ya boksi, yaani mifereji ya zege ya pembe nne chini ya barabara. Boksi la mita 3 kwa 2.5 lina mita za mraba 7.5, na kwa kasi ya mita 2 linapitisha 15. Matatu yangebeba ule mto wenu kwa nafasi. Lakini yakijaa tope la Sabaki ni kazi ya kila mwaka, na kila ukuta wa kati ni mahali pa gogo kunasa. Ni rahisi kujenga, hakuna boriti wala nguzo ndefu.

La pili, na ningelichagua, ni daraja la bamba la zege la nafasi mbili za mita 12 na nguzo moja ya kati. Unene wa bamba kwa nafasi ya mita 12 ni kama sehemu moja ya 15, yaani sentimita 80. Weka usawa wa mafuriko mita 3.2 kama alivyokadiria Bildi, nafasi ya wazi ya mita 1 kwa ajili ya magogo, na unene huo: barabara inakuwa mita 5 juu ya kitanda. Ukitaka nafasi moja ya mita 24 bila nguzo ya kati, boriti peke yake inafika mita 1.6, barabara inapanda tena, na tuta la udongo la kupandishia barabara pande zote mbili linarefuka. Tuta ndilo linalokula pesa.

La tatu ni kukubali maji. Daraja la chini linalozama: linapita juu ya mafuriko ya mto wenu (mita 1.4), lakini Sabaki ikirudi nyuma linafunikwa na kufungwa. Ni nafuu, ila halitatui kilio chenu cha siku kadhaa.

Sasa msingi. Bonde la Sabaki ni mchanga na udongo wa kuletwa na maji, na mwamba unaweza kuwa mbali. Mashimo ya kuchimba kwa sururu ya mita 3 hayatoshi. Mnataka shimo la mashine kwenye kila nguzo, ya kati na mbili za kingo, matatu kwa jumla, lenye kipimo cha kugonga kwa nyundo (SPT) kila mita moja na nusu. Mkiambiwa shimo moja linatosha, ulizeni nani atalipa nguzo ya upande wa pili ikizama.

Nguzo ya kati yenye upana wa sentimita 80 inaweza kuchimbiwa shimo la hadi mara 2.4 ya upana wake, yaani mita 1.9, mbali na kitanda chenyewe kushuka maji yanapobanwa. Msingi uliokaa mita 2 chini ya mchanga umeshaning'inia. Hapo ni nguzo za kuchimbia za kwenda chini, na kichwa cha nguzo kielekezwe sawasawa na mkondo, kiwe mviringo. Nguzo iliyokaa mshazari huongeza shimo sana.

Zege: bamba la mita 24 kwa 6 kwa 0.8 ni mita za ujazo 115. Kwa zege la gredi ya 30, hesabu mifuko 7 hadi 8 ya saruji ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, jumla kama mifuko 860 kwa bamba tu. Kila nafasi (mita za ujazo 58) imiminwe bila kukatika. Mashine ndogo ya kuchanganyia inatoa mita za ujazo 2 hadi 3 kwa saa, kwa hiyo moja haiwezi, mnahitaji nne na ya tano ikae akiba. Mashine ikiharibika saa sita usiku na zege likashika nusu bamba, kiungo hicho baridi kitavuja maji na kula nondo. Na mirunda (miti ya kushikilia zege bichi) isikae kwenye mchanga mtupu, iwekewe mbao pana chini, maana mchanga uliolowa hukaa vizuri mpaka uzito ufike katikati. Daraja la Sigiri kule Budalangi, kwenye mto Nzoia, lilianguka Juni 2017 kabla halijamalizika. Mirunda na mpangilio wa kumimina ni mambo ya kuandikwa na kutiwa sahihi na mhandisi kabla ya mfuko wa kwanza kufunguliwa.

Kokoto: hakikisheni si matumbawe. Jiwe la pwani yetu lina matundu, linanyonya maji, linafaa nyumba na uzio. Daraja linataka kokoto ngumu kutoka machimbo ya bara. Mchanga wa Sabaki una tope. Tia kwenye chupa ya kioo nusu, jaza maji yenye chumvi kidogo, tikisa, acha saa tatu. Tabaka laini la juu likizidi kama sehemu 8 kwa 100 ya mchanga, uoshwe. Na vipande vya majaribio vya milimita 150 viwe vyenu kuvishuhudia: vya siku 7 viwe vimefika karibu theluthi mbili ya nguvu, vya siku 28 ndivyo vya hukumu.

---

Kivuko_Tana

Na lile daraja la vyuma la vipande? Linafungwa haraka.

---

FundiBoriti

La Bailey na jamaa zake, ndiyo. Kipande kimoja cha asili kina urefu wa mita 3.05 na uzito wa kama kilo 260, watu sita wanakibeba. Kwa mita 24 unataka vipande 8 kwa mstari. Ukiweka mistari miwili kila upande ni vipande 32, mbali na vipande vya pua ya mbele ya kusukumia. Linasukumwa juu ya magurudumu ya chuma (roli) kutoka gema moja hadi la pili, bila mirunda mtoni, ambalo kwa mto wenye mamba si jambo dogo.

Ila linaondoa mirunda tu, nguzo za kingo na tuta viko palepale. Kisha kuna pini. Pini na vibanio vyake vinang'olewa usiku na kwenda kwa wauza chuma chakavu, na pini moja ikikosekana hujui mpaka tipa ifike katikati. Likiwekwa, liwe la dharura lenye mlinzi, au pini zichomewe vituo.

---

MfukoWaKata

Upande wa pesa. Swali la kwanza kabla ya mfuko wowote: hiyo barabara imeandikishwa kwa nani? Ikiwa kwenye orodha ya barabara za kaunti, mwenye nayo ni Kaunti ya Kilifi. Ikiwa ya taifa ya vijijini, ni KeRRA, mamlaka ya barabara za vijijini. Lami ya Malindi–Garsen ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, na haiwahusu. Nenda na ramani, uliza namba ya barabara. Kivuko kisicho na namba ya barabara ni yatima: kitajengwa na mfuko wa mbunge au wa kata, kikibomoka kila ofisi itasema si chake.

Pesa za matengenezo hutoka kwenye ushuru wa mafuta, unaogawanywa kupitia Bodi ya Barabara. Julai 2024 ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Usizihesabu zote: mwaka 2025 shilingi 7 kati ya hizo ziliwekwa rehani kulipa madeni ya wakandarasi, na mvutano wa magavana na wabunge juu ya fungu la kaunti ulifika mahakamani. Ushuru huo unafaa kwa kusafisha, gabioni na vifusi. Daraja jipya linataka bajeti ya maendeleo.

Kalenda ya kaunti iko hivi: mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, mwaka unaanza 1 Julai. Sasa tazama mvua. Pesa ikipita Julai, zabuni inakula miezi mitatu, mkandarasi anaingia Oktoba na vuli inamkuta na shimo la msingi limejaa maji. Ndiyo maana omba usanifu mwaka mmoja na ujenzi mwaka unaofuata. Mashimo ya udongo, upimaji na michoro vikikamilika mapema, zabuni inatoka Julai, mkataba unasainiwa kabla ya Disemba, na msingi unachimbwa Januari hadi Machi mto ukiwa mkavu. Nguzo zikishapita usawa wa maji, masika yaje tu.

Hili la kugeuza drifti kuwa daraja: haliwezekani ndani ya mkataba uleule. Sheria ya ununuzi ya 2015 inaweka mpaka, jumla ya mabadiliko isizidi asilimia 25 ya bei ya awali. Mkandarasi akikwambia "tutaongeza tu kidogo kidogo", anakupeleka kwa mkaguzi. Lazima zabuni mpya.

Ndani ya mkataba mpya ombeni vitu viwili. Muda wa kurekebisha kasoro uwe miezi 12 kamili, upite masika na vuli, usikubali miezi sita ya kiangazi. Na fedha za kushikilia (sehemu ya malipo inayozuiliwa) zisiachiliwe kabla mhandisi hajapima kitanda cha mto baada ya mafuriko ya kwanza.

Vibali: Mamlaka ya Rasilimali za Maji kwa kujenga mtoni, na NEMA, mamlaka ya mazingira, itakayosema kama ripoti fupi inatosha. Ardhi ya matuta msiichukulie kwa karatasi ya makubaliano ya kienyeji. Tuta la kimo cha mita 5 lenye mteremko wa 1 kwa 2 lina upana wa mita 26 pale chini, na Magarini watu wengi wana shamba bila hati. Utwaaji hupitia Tume ya Ardhi, na mkaaji asiye na hati naye anaweza kufikiriwa fidia. Lisipomalizwa mapema, mtu mmoja na mkorosho wake atasimamisha kazi, na atakuwa na haki.

Sasa ya mzee wa shilingi 20. Tuseme boda 200 kwa siku: 4,000, kwa mwezi 120,000. Wakusanyaji wanne wa zamu kwa 18,000 ni 72,000. Inabaki 48,000, kwa mwaka 576,000. Hiyo inanunua gabioni na kusafisha magogo, hailipi daraja la mamilioni mengi, hata riba yake. Na kwa sheria, Katiba kifungu cha 210 inakataza ada au kodi bila sheria iliyoiruhusu. Kamati ya kijiji haina uwezo wa kuweka kizuizi kwenye barabara ya umma. Mwambie mzee kwa heshima kwamba mchango wake unafaa zaidi kwenye mambo atakayoyataja Bildi.

---

Bildi

Naam, uendeshaji, ambao hauna mstari wake kwenye bajeti nyingi nilizoziona.

Wekeni nguzo ya kipimo upande wa juu, iliyopakwa rangi kila sentimita 10, sifuri iwe usawa wa barabara. Kuwe na mnyororo pande zote mbili na watu wawili walioandikwa majina wenye ufunguo, mmoja kila gema. Kanuni iwe moja: maji yakigusa barabara, mnyororo unafungwa. Ukiruhusu "kidogo tu", dereva wa basi ataamua kidogo ni kiasi gani. Mtumbwi usigeuzwe kuwa njia mbadala wakati huo pia. Kona Punda, kwenye Tana, mwishoni mwa Aprili 2024, boti iliyovusha abiria sehemu iliyofurika ilichukuliwa na maji na watu wakafa.

Kila baada ya mafuriko pimeni kitanda kwenye nguzo ya kati. Bildi ya manahodha inatosha: risasi ya kilo 2 au 3 kwenye kamba yenye fundo kila nusu mita. Iteremsheni kutoka juu ya daraja, pua ya nguzo upande wa juu, kisha ubavu wa kulia na wa kushoto, andikeni kwenye daftari. Maji yakiwa yangali yanakwenda ni bora zaidi, kwa sababu shimo hujifukia mchanga maji yanapotulia, na mkipima kiangazi mtaona kitanda kizuri kilichoficha shimo. Fundo moja zaidi ya kipimo cha mwanzo, mpigieni mhandisi.

Tipa ya magurudumu kumi kisheria ni tani 26: 8 mbele na 18 kwa ekseli mbili za nyuma. Daraja lililosanifiwa vizuri halina tatizo nayo. Tatizo ni tipa hiyo inachota mchanga wapi. Mkiruhusu uchimbaji karibu na daraja, juu au chini yake, kitanda kitashuka na nguzo zitabaki miguu nje. Kamati ina nguvu hapo kuliko ofisi yoyote, hata kama wenye tipa ni ndugu.

Na matuta. Barabara ikipandishwa mita 5 juu ya bonde inakuwa bwawa. Kwenye barabara ya Garsen–Lamu, pale Lango la Simba, mafuriko ya Tana yalikata njia mwaka 2024 na abiria wakavushwa kwa boti.  Maji yanayosambaa bondeni yapewe pa kupita kwenye tuta.

---

MagariniYetu

Shukran sana. Mkandarasi anasema ataanza kulaza mabomba wiki ijayo. Tumzuie vipi bila kugombana, na vile vipande 40 vitaozea pale?

---

MfukoWaKata

Barua kwa mhandisi wa barabara wa kaunti, nakala kwa msimamizi wa wadi na MCA (mwakilishi wa wadi). Ambatisheni vipimo viwili, mstari wa tope na mstari wa takataka, na hesabu ya Mizani kwenye ukurasa mmoja. Ombeni jambo moja tu: hesabu ya maji iliyotumika kuchagua mabomba matano. Ikiwepo, mtaijadili. Isipokuwepo, mhandisi mwenyewe atasimamisha, maana sahihi ni yake.

---

FundiBoriti

Mabomba hayaozi, na yana kazi. Ni yale matundu ya kwenye tuta aliyoyasema Bildi. Chagueni sehemu mbili za chini zaidi bondeni, moja kila upande wa mto, kila sehemu mistari miwili. Mkijenga kuta za vichwa ndefu za kushikilia tuta hadi karibu na upana wa barabara, badala ya kuliacha litanuke chini, mstari mmoja unachukua vipande 8, jumla 32, na 8 zinabaki akiba kwa vitakavyopasuka.

Vilazwe juu ya kitanda cha zege hafifu cha sentimita 15, si juu ya udongo wa mfinyanzi. Nafasi kati ya mistari miwili isipungue nusu ya kipenyo, sentimita 45, ili mtu aweze kushindilia pembeni. Pasiposhindiliwa ndipo bomba linapopasukia. Viungo vizibwe kwa mota ndani na nje. Udongo ushindiliwe tabaka la sentimita 15, pande zote mbili kwa zamu, usijaze upande mmoja ukasukuma mstari. Juu ya bomba kuwe na udongo usiopungua sentimita 60 kabla ya tipa yoyote kupita, na hiyo ni pamoja na tipa ya mkandarasi mwenyewe, ambayo kwa kawaida ndiyo ya kwanza kuvunja.